Si vumbi la Nakuru lililojaa puani mwako

Swali limetoka kwa dada wa miaka 26 anayesuka nywele Kaptembwo, Nakuru. Nimelifupisha kidogo:

"Habari yako daktari. Pua yangu imejaa chunusi nyeusi, na nyingine ziko kwenye paji la uso pale nywele zinapoanzia. Nimejaribu limau na sukari, nimejaribu magadi, nimejaribu ute mweupe wa yai na karatasi ya tishu. Zinatoka, wiki haiishi zimerudi. Shangazi yangu wa Kisumu anasema nipake ogaka (alovera). Mwenye saluni anasema ni vumbi la hapa Nakuru na maji yetu ya chumvi. Sitaki kemikali kwa sababu mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Ni dawa gani ya asili ya nyumbani itakayozimaliza? Mdogo wangu anaolewa wiki nane zijazo na mimi ndiye msimamizi wake."

Dada, nianze na vumbi, kwa sababu huko ndiko makosa mengine yote yalikotoka.

Ni kweli mji wetu una vumbi. Inasemekana hata jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na mtu aliyesimama Kaptembwo mwezi wa Februari upepo ukivuma mchana hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini ule weusi wa puani si vumbi. Ushahidi umekuwa mkononi mwako kila ulipobandua tishu. Siku nyingine ipeleke dirishani uitazame kwa karibu. Utaona vitu vidogo vimesimama kama vipande vya tambi. Kichwa tu ndicho cheusi, kidogo kuliko ncha ya sindano ya kushonea wigi. Mkia wake ni wa manjano iliyofifia, laini kama nta, na ukiuponda kati ya vidole unateleza. Kama ungekuwa uchafu ulioingia kutoka nje, mbona mkia ni msafi?

Kinachotokea ni hiki. Kila kinyweleo kina tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kuta za ndani za kinyweleo hubambuka seli zilizokufa, na kwa kawaida mafuta yanazisukuma nje moja moja bila wewe kujua. Kwa watu wengine seli hizo hushikamana, zikichanganyika na mafuta zinakuwa kizibo. Mdomo wa kinyweleo ukiwa umefungwa, unaona kipele kidogo chenye rangi ya ngozi. Ukiwa wazi, hewa inakifikia kizibo. Humo ndani mna melanini, rangi ileile inayotupa ngozi yetu nyeusi, na mna mafuta, na vyote vikikutana na oksijeni vinakolea weusi. Umewahi kumenya ndizi za kupika ukaziacha kwenye sufuria kabla ya kutia maji? Hazikuchafuka zile. Zimekutana na hewa.

Sasa unaona kwa nini kusugua hakusaidii. Unasugua kichwa cha msumari uliozama ubaoni. Hata ukikikwangua kichwa, msumari uko palepale.

Kuna jambo la pili ambalo huenda likakuokoa pesa. Siyo kila kidoa cha puani ni chunusi. Pua ya mtu mzima, hasa mwenye ngozi ya mafuta, ina vitundu vingi vya rangi ya kijivu, bapa, vimepangana karibu sawasawa. Hivyo ni njia za kawaida za mafuta. Ukivikamua vinatoa uzi mwembamba mweupe, na ndani ya mwezi mmoja hivi vimejaa tena, kwa sababu ndiyo kazi yake. Chunusi nyeusi ya kweli ni nyeusi zaidi, imeinuka kidogo, ukipitisha kidole unaihisi, na haijapangwa na wenzake. Watu wengi wanaokuja kwenye kaunta yangu ya dawa wakilia na pua, wanalia na vitundu vya kawaida. Nashuku nusu ya vyako vya puani ni hivyo, maana umesema wiki haiishi zimerudi. Vile vya paji la uso ni hadithi nyingine, nitavirudia.

Tuje kwa limau. Hili nina kisa nalo. Nikiwa mwanafunzi Kisumu nilikuwa na uso kama wako, na mwenzangu wa chumba akaniapia kwamba ndimu inasafisha. Nikajipaka usiku, nikaona haitoshi, nikajipaka tena asubuhi nikaenda zangu darasani kwa miguu. Kufikia jioni shavu la kushoto lilikuwa linawaka. Siku ya tatu likatoka malengelenge madogo, na yalipokauka yakaacha alama nyeusi iliyoteremka kama mchirizi wa machozi, pale juisi ilipotiririkia. Alama ile ilikaa nami karibu mwaka mzima, na wenzangu wakaipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Maelezo yake nilikuja kuyapata baadaye. Juisi ya limau ina pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya karibu 2, ilhali ngozi ya uso inapenda kukaa karibu na 5. Hiyo ni asidi kali karibu mara elfu moja kuliko inavyohitaji. Mbaya zaidi, ndimu na limau zina viambato vinavyoamshwa na jua: vikiwa juu ya ngozi na jua likavipiga, vinaichoma. Na sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, Nakuru ikiwa kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, ambako miale ya jua ni mikali kuliko Kisumu kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiongeza sukari, ambayo chembe zake zina kona zinazokwaruza, unakuwa umeichana ngozi kwanza ndipo ukaimwagia asidi. Acha leo.

Magadi nayo ni kinyume chake. Unajua kwa nini tunaitia kwenye mrenda, au apoth kama shangazi yako anavyouita: inalainisha majani na kuyafanya yateleze upesi. Inafanya hivyo kwa sababu ina alkali. Baking soda ni ndugu yake mpole kidogo, lakini ukoo ni mmoja. Alkali juu ya uso inayeyusha ule utando mwembamba wa mafuta na asidi unaozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Uso unabaki mkavu, unabana ukicheka. Sabuni ya kipande ya kufulia inafanya vilevile, kwa hiyo kama unaoshea uso sabuni hiyo, hapo pia pana kazi ya kurekebisha.

Ute wa yai na tishu hauna sumu, ila unang'oa vichwa tu na nywele ndogo za kawaida, kisha unabaki na furaha ya jioni moja. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na wewe unalipaka sentimita mbili kutoka mdomoni. Zile barakoa za makaa zinazobanduliwa kama plasta ni mbaya zaidi, zinaondoka na ngozi ya juu. Dawa ya meno: hapana. Aspirini iliyopondwa: hapana, haiyeyuki vizuri na si kitu kilekile na dawa nitakayokutajia hapa chini.

Kujifukiza sikukatazi kabisa, najua tangu mwaka 2020 kila nyumba ina blanketi lake la kujifukizia. Ila vinyweleo havifunguki na kufunga kama mlango, havina misuli ya kufanya hivyo. Joto linachofanya ni kulainisha mafuta. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, ukakikandamiza usoni dakika tano, kinatosha, na hakijawahi kumwagikia mtu mapajani.

Sasa vile vinavyosaidia. Nitakuwa mkweli: hakuna kitu cha jikoni kinachoingia ndani ya kinyweleo na kuyeyusha kizibo. Viko vinavyotuliza ngozi na kupunguza mafuta ya juu, na hiyo ni kazi yenye maana hasa kwa ngozi uliyoichosha namna hii.

Ogaka ya shangazi ni nzuri ukijua kuitayarisha. Namaanisha alovera yenyewe ya kupandwa, siyo kila shubiri ya porini. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye glasi robo saa. Utaona utomvu wa manjano ukichuruzika. Huo ndio unaowasha, usiupake. Ukishakauka, osha jani, menya pande zote mbili mpaka ubaki na ute unaoonekana kama barafu, kisha kwangua kidogo. Jaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake. Ikikaa salama, paka usoni dakika kumi na tano, osha. Itapoza wekundu na muwasho. Haitang'oa kizibo hata ukiipaka mwaka mzima, na shangazi asinikasirikie.

Asali safi inavuta unyevu na inakabiliana na bakteria. Paka mara mbili kwa wiki, dakika kumi, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu. Ile ya kando ya barabara iliyochanganywa na sukari guru haina kazi usoni. Oti za uji, zikisagwa hadi ziwe unga na kukorogwa na maji, zinatuliza ngozi iliyokauka, na hizi ningekuanzishia wewe wiki hii hii. Chai ya kijani, na hapa hatuko mbali na Kericho na Nandi, imeonyesha katika tafiti chache ndogo kwamba ikipakwa inapunguza mafuta ya ngozi. Chemsha, iache ipoe kabisa, pangusa kwa pamba safi, isilale hadi kesho. Maziwa lala yana asidi ya laktiki, ila ni kama asilimia 1 tu, kidogo mno kuleta tofauti kubwa. Kama yanakufurahisha, sawa, lakini mimi ningeyala na ugali.

Utaniuliza kuhusu udongo. Udongo mweupe wa kaolini unanyonya mafuta kweli, na mara moja kwa wiki unafaa. Ila uwe ule uliosafishwa kwa ajili ya ngozi. Kuna msichana aliniletea odowa, lile jiwe laini ambalo akina mama wajawazito Kisumu hutafuna, amelitwanga kwenye kinu amelichanganya na maji ya mchele. Nilipenda ubunifu wake. Lakini odowa huchimbwa, hukaa wazi sokoni, hushikwa na mikono mingi, na hujui limebeba nini.

Nirudi kwenye paji lako la uso, kwa sababu hapo kazi yako inazungumza. Chunusi zinazofuata mstari wa nywele, kwa msusi, mara nyingi zinatoka kwenye mafuta ya nywele. Jambo hili limejulikana kwa madaktari wa ngozi tangu miaka ya 1970, na walioonekana nalo zaidi walikuwa watu wenye nywele kama zetu, wanaopaka mafuta mazito kichwani. Fikiria siku yako: unachovya vidole kwenye kopo la mafuta, unapaka gel kulaza nywele za mbele, jasho linakutoka, unajipangusa paji kwa mkono uleule. Jioni unalala na kitambaa cha kichwa ambacho kimenyonya mafuta ya wiki nzima na kimekaza palepale kwenye mstari. Mafuta ya nazi, ambayo kila mtu anayasifia kwa kuwa ni ya asili, ni miongoni mwa yanayoziba vinyweleo vya uso kwa urahisi zaidi. Ajabu ni kwamba mafuta ya mgando ya kawaida, yanayodharauliwa kwa kutoka kwenye petroli, hayazibi kivile. Asili na usalama si mapacha.

Kwa hiyo: mafuta yabaki kwenye ngozi ya kichwa na nywele, yakae kama upana wa vidole viwili kutoka usoni. Weka taulo dogo kiunoni la kujipangusia. Fua kitambaa cha kulalia kila siku ya tatu. Uso, ukitaka kuulainisha, tumia glisirini uliyoichanganya na maji kidogo ya waridi au maji yaliyochemshwa. Ni rahisi, iko kila kemisti, na haizibi. Ukifanya haya peke yake, naamini paji lako litaanza kusafika kabla ya pua.

Sasa lile ulilolikimbia, kemikali. Kuna asidi inaitwa salisiliki. Jina lake limetokana na jina la Kilatini la mti uitwao willow kwa Kiingereza, ambao maganda yake yalitumika kwa maumivu tangu kale, na kutoka kwenye mimea ndiko binadamu alikoijua kwanza. Faida yake ni moja ambayo limau na maziwa lala hayana: inapenda mafuta. Kwa hiyo inateremka ndani ya kinyweleo chenye mafuta na kulegeza zile seli zilizoshikamana kuanzia ndani. Ndiyo, hatimaye, kitu kinachoushika msumari wenyewe. Tafuta ya kuoshea uso au ya kupaka yenye asilimia 0.5 hadi 2, isizidi hapo. Anza usiku mmoja, ruka siku mbili, uone. Ngozi ikivumilia, fika usiku tatu au nne kwa wiki. Ikibambuka na kuuma, punguza. Kama aspirini inakudhuru, usiiguse.

Kuhusu mtoto mnayemtafuta: kiasi hicho kidogo, kwenye pua na paji tu, kinahesabiwa kuwa salama hata kwa mjamzito, lakini mwambie mhudumu wako wa kliniki. Chaguo jingine ni asidi ya azelaiki, ambayo kwa asili imo kwenye nafaka kama ngano na shayiri. Hii nayo haina wasiwasi kwa mjamzito, na ina zawadi ya ziada kwetu watu weusi: inafifisha alama zinazobaki. Usichopaswa kupaka ni adapalini na ndugu zake wa ukoo wa vitamini A, tretinoini na wengineo. Ni dawa nzuri sana za chunusi nyeusi, pengine bora kuliko zote, ila si kwa mtu anayetarajia kushika mimba. Wengine wataniona nakunyima dawa, ila mimba changa haijitangazi.

Na tafadhali, usikubali krimu isiyo na lebo ambayo mteja atakuletea saluni akisema imemsafisha uso kwa siku nne. Kinachosafisha uso kwa siku nne mara nyingi ni steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi). Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya. Steroidi ikizoeleka, ngozi inakuwa nyembamba na kutoa chunusi zake yenyewe, na ukiacha zinalipuka. Zebaki inadhuru figo, na inamfikia mtoto tumboni.

Maji ya Nakuru hayana hatia. Yana floraidi nyingi, ndiyo maana wengi waliokulia hapa wana meno ya kahawia, lakini hiyo hutokea meno yakiwa yanaumbika utotoni. Haina habari na pua yako. Karanga na parachichi vilevile zimesingiziwa sana. Kuna ushahidi kiasi dhidi ya soda, mikate myeupe na vyakula vitamu vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kwa hiyo ukipunguza chai ya sukari vijiko vinne hutapoteza kitu.

Jambo moja nimelisoma katikati ya maneno yako, nalo limenifanya nikujibu kwa urefu. Umesema mnatafuta mtoto. Kama hedhi yako inaruka miezi, au ndevu zimeanza kuota kidevuni, au chunusi zimehamia kwenye taya na ni kubwa zenye maumivu, usikae na asali. Hizo zikija pamoja zinaweza kuwa dalili ya homoni za ovari kutokaa sawa, na hilo linachelewesha mimba vilevile linavyoleta chunusi. Linapimwa na linatibika. Hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Nakuru wanaweza kukuona, na ukiwa kwa shangazi Kisumu, ile ya Jaramogi Oginga Odinga. Nenda na tarehe za hedhi zako za miezi sita umeziandika.

Haya, wiki nane. Kizibo kimoja kinachukua wiki kadhaa kujengeka na wiki kadhaa kutoka, kwa hiyo dawa hizi huhesabiwa kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Umeuliza kwa wakati, ila huna wiki ya kupoteza. Wiki mbili za kwanza usipake chochote kikali: osha kwa sabuni laini asubuhi na jioni, oti, ogaka, glisirini, na krimu ya kukinga jua mchana. Wiki ya tatu anza salisiliki. Karibu wiki ya nne huenda vikajitokeza vipele vipya, usitishike, na usikamue, kwa maana ngozi yetu ikijeruhiwa huweka alama nyeusi ya miezi, na picha za harusi zinakaa ukutani miaka. Siku tano kabla ya harusi simamisha salisiliki ili ngozi isibambuke chini ya vipodozi. Na yule atakayekupamba asubuhi hiyo, mwambie alete brashi zake zilizooshwa usiku uliotangulia. Wewe ni mtu wa saluni, unajua tunavyoziazimana.